Kigoda Kati ya Mantiki na Lugha

Elimu mpya inapozaliwa, taabu yake ya kwanza ni kupata mahali pa kuketi. Hesabu ina kigoda chake chuoni, tiba ina chake, sheria vilevile. Lakini elimu ya kuifunza mashine kufikiri na kusema imwendee nani? Wahandisi huiona ni porojo za wanafalsafa, wanafalsafa huiona ni kazi ya mafundi, na sisi watu wa lugha huisikiliza kwa mashaka. Nimefundisha sarufi ya Kiswahili kwa miaka mingi, na nakiri kwamba suala hili la kigoda limenishughulisha kuliko mashine zenyewe. Ndiyo maana napenda kusimulia yaliyotokea Edinburgh, huko Scotland, ambako kigoda cha namna hiyo kiliwekwa na baada ya miaka michache tu kikatikiswa.

Aliyekikalia alikuwa Donald Michie. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa bado kijana mdogo, alitaka kujifunza Kijapani ili alitumikie jeshi kwa lugha hiyo. Akaambiwa darasa limejaa, akaingizwa katika darasa la kufumbua maandishi ya siri. Kwa bahati hiyo alifika Bletchley Park, akafahamiana na Alan Turing, wakawa wakicheza sataranji na kubishana iwapo mashine inaweza kujifunza. Vita vilipokwisha alisomea elimu ya urithi wa viumbe, na hatimaye akahamia Edinburgh.

Wazo la Turing halikumtoka, lakini kompyuta hakuwa nayo. Basi mnamo 1961 akachukua masanduku 304 ya viberiti. Juu ya kila kimoja alichora hali mojawapo ya ule mchezo wa watoto wa kujaza sifuri na misalaba katika vyumba tisa, na ndani yake akatia shanga za rangi mbalimbali, kila rangi ikiwa na maana ya chumba kimoja. Zamu ya mashine ikifika, mtu hulitafuta sanduku linalolingana na hali ya mchezo, hulitikisa, huona ni ushanga upi umejitokeza, huucheza. Mashine ikishinda, shanga za rangi zilizotumika huongezwa. Ikishindwa, zilizotumika hunyang'anywa. Polepole, bila mtu kuyaeleza masanduku neno lolote, yanacheza vizuri. Nimewasimulia watu wengi habari hii na sijaona aliyeisikia asitabasamu. Lakini ndani yake mna jambo zito: kujifunza kumetengwa na kuelewa, na mtu yeyote mwenye viberiti anaweza kulijaribu nyumbani kwake.

Mwaka 1965 Michie alipewa kitengo cha programu za majaribio, mwaka uliofuata kikawa idara, na mwaka 1967 akatunukiwa uprofesa wa akili ya mashine. Neno akili bandia ndilo nililolizoea. Siku hizi wapo wasemao akili mnemba, na Kenya nasikia akili unde. Hapo Edinburgh akajiunga naye Richard Gregory, bingwa wa namna jicho linavyoona, na Christopher Longuet-Higgins, aliyekiacha kigoda cha kemia Cambridge aje kuchunguza akili. Pembeni yao alikuwapo Bernard Meltzer na kikundi chake cha wanamantiki. Waliunda mashine iliyoitwa Freddy, yenye kamera na mkono mmoja, ambayo kutoka katika lundo la vipande vya mbao iliweza kuunda kigari cha kuchezea. Wakubwa wenyewe, hata hivyo, hawakupatana, na Gregory aliondoka mwaka 1970.

Ugomvi wao na maombi yao ya fedha viliisumbua Halmashauri ya Utafiti wa Sayansi ya Uingereza, iliyokuwa mlipaji. Ikamwomba mtu wa nje aitazame elimu hii nzima. Mtu huyo alikuwa Sir James Lighthill wa Cambridge, bingwa wa hesabu za mwendo wa hewa na maji. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1973.

Lighthill aliigawa elimu hii mafungu matatu. Upande mmoja aliweka mitambo ya kufanya kazi maalumu. Upande wa pili, utafiti wa ubongo kwa msaada wa kompyuta. Pande hizo mbili alizikubali. Katikati aliweka daraja, yaani wale wanaounda mashine za kufikiri kwa ajili ya kujua kufikiri ni nini. Hilo daraja, alisema, halijabeba kitu. Sababu yake kubwa ilikuwa wingi wa njia. Anayecheza bao anaijua hoja hii: kila hatua huzaa hatua kadhaa, na kila moja ya hizo huzaa nyingine, hata mashine yenye kasi ikazama. Mwezi Mei mwaka huohuo palifanyika mjadala London mbele ya kamera za BBC: Lighthill upande huu, na upande ule Michie, Gregory, na John McCarthy kutoka Marekani. Kanda yake ipo hadi leo. Lighthill anazungumza kama mtu aliyekwisha kuamua.

Simhesabu Lighthill kuwa mtu mbaya. Ahadi zilikuwa zimetangulia mbali mno kuliko kazi, na mwenye kutoa fedha za umma ana haki ya kuuliza. Wala hakuwa mwoga wa mambo magumu: mwaka huohuo wa 1973 aliogelea akakizunguka kisiwa cha Sark, na alifariki mwaka 1998 akirudia safari hiyohiyo akiwa na umri wa miaka 74. Ninalomlaumu ni lile neno daraja. Daraja hulipimi kwa mizigo liliyobeba kabla halijafika ng'ambo.

Fedha zikapungua, na kazi hii ikabaki katika vyuo vichache tu vya Uingereza. Longuet-Higgins, katika maoni yaliyochapishwa pamoja na ripoti ile, aliupa utafiti huo jina jipya, sayansi ya utambuzi, kisha mwaka 1974 akahamia Sussex. Aliacha nyuma yake mwanafunzi mmoja mkaidi aliyeshikilia kwamba mashine ijifunze kwa mitandao inayofanana na neva za ubongo, njia ambayo mwalimu wake alikuwa ameiacha. Mwanafunzi huyo ni Geoffrey Hinton, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024.

Na wanamantiki wa pembeni? Mmoja wao, Robert Kowalski, alikwenda Marseille, Ufaransa, mwaka 1971, kwa Alain Colmerauer, aliyetaka kompyuta ijibu maswali kwa Kifaransa cha kawaida. Mmoja alileta mantiki, mwingine alileta lugha, na mwaka 1972 ikazaliwa Prolog. Humo huiambii mashine ifanye nini. Unaiambia lililo kweli. Mtu ni shangazi yako ikiwa ni dada wa baba yako. Mtu ni mjomba wako ikiwa ni kaka wa mama yako. Kisha unauliza, nayo inatafuta. Miaka kumi baadaye Wajapani waliuanza mradi mkubwa wa kompyuta juu ya msingi huo wa mantiki, na Waingereza, kwa kuogopa kuachwa, wakarudisha fedha mwaka 1983.

Lugha yetu nayo ilifikiwa, lakini kwa mlango mwingine. Katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, Kimmo Koskenniemi alibuni mwaka 1983 njia ya kuifanya kompyuta ichambue maneno marefu ya Kifini. Arvi Hurskainen, aliyefundisha lugha za Kiafrika chuoni hapo, aliona kwamba kitenzi cha Kiswahili ni cha ukoo huohuo wa taabu, na tangu 1985 akaanza kukiingiza. Mpe mwanafunzi neno hawakumwandikia: ataanza na ha- ya kukanusha, wa- ya watendaji, -ku- ya wakati uliopita, -mw- ya mtendewa, mzizi -andik-, kisha -i- ya kutendea na -a ya mwisho. Vipande saba katika neno moja, na programu ya Hurskainen ilivitenga vyote. Baadaye Helsinki ilikusanya hazina ya matini za Kiswahili yenye maneno zaidi ya milioni 12. Kigoda alichofanyia kazi hiyo hakikuwa cha kompyuta wala cha mantiki. Kilikuwa cha lugha za Kiafrika.