Safari ya Hampi, Kabla ya Kukata Tiketi

Tiketi bado sijakata. Nilicho nacho ni daftari lenye kurasa saba za mipango ya kwenda Hampi, kwenye magofu ya mji wa Vijayanagara huko Karnataka, kusini mwa India. Nataka kufika kati ya Novemba na Februari, mvua zikiwa zimekwisha na jua bado halijawa la kuchoma mawe. Kutoka Bengaluru kuna treni ya usiku hadi Hosapete, halafu kama kilomita 13 kwa bajaji. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Ugumu ulianza nilipomwambia rafiki yangu mmoja aliyesoma Pune. Akacheka: "Kaka, wewe na hilo jina lako la Ramadhani, unakwenda kutazama mahekalu waliyobomoa wenzako?" Ulikuwa utani tu, nami nikacheka. Lakini usiku ule niliingia mtandaoni, na karibu kila video niliyofungua ilisimulia hivyo hivyo: himaya ya Wahindu, masultani wa Kiislamu, moto, mwisho.

Hadithi hiyo ina ukweli wake. Mji ulianza karne ya 14, kando ya mto Tungabhadra, kwenye vilima vya mawe makubwa yaliyorundikana kama vile mtu aliyamwaga akasahau kuyapanga. Abdur Razzaq, balozi kutoka Herat aliyefika mwaka 1443, aliandika juu ya kuta saba, moja ndani ya nyingine. Mreno Domingo Paes, aliyekuwepo miaka ya 1520 enzi za mfalme Krishnadevaraya, aliulinganisha na Roma kwa ukubwa. Januari 1565 masultani wa Deccan waliunganisha majeshi, wakashinda vita vinavyoitwa vya Talikota. Rama Raya, aliyekuwa akiiendesha himaya, akakatwa kichwa, na mji ukaporwa kwa miezi. Haya sitaki kuyapaka sukari.

Sasa soma mbele kidogo. Ibrahim Qutb Shah wa Golconda, mmoja wa masultani hao walioungana, aliwahi kuishi Vijayanagara kama miaka saba akiwa kijana, akimkimbia kaka yake. Aliyempa hifadhi ni Rama Raya. Ali Adil Shah wa Bijapur naye alikwenda mjini humo kumpa Rama Raya pole ya kufiwa na mtoto, na mke wa Rama Raya akamfanya mwanawe wa kulea. Rama Raya mwenyewe, kabla hajapanda cheo, aliwahi kumtumikia sultani wa Golconda! Kwa miaka mingi akawa anawagonganisha masultani: leo anaungana na huyu kumpiga yule, kesho anageuka. Mwishowe wakamchoka wote kwa pamoja. Ukiniuliza mimi, naona ugomvi wa watu waliokula sahani moja, na ugomvi wa namna hiyo ndio unaochoma nyumba.

Hata wafalme wa Vijayanagara walijiita, katika maandishi yao ya mawe, sultani miongoni mwa wafalme wa Kihindu. Kumbe neno lenyewe halikuwatisha. Jeshini walikuwa na askari na makamanda Waislamu. Mmoja wao, Ahmad Khan, ofisa wa mfalme Devaraya wa Pili, alijenga msikiti mwaka 1439 katika mtaa wa Waislamu, ndani ya mji huo huo. Maandishi yake yanasema aliujenga ili thawabu zimfikie mfalme, na yanauita dharmasale, neno la jengo la sadaka la Kihindu. Ukitazama picha, nguzo zake ni zile zile za kumbi za mahekalu. Asiyeambiwa anapita bila kujua ni msikiti.

Nimeuweka asubuhi ya siku ya kwanza.

Baada yake, hekalu la Virupaksha. Hilo halikufa. Ibada zinaendelea mpaka leo, na unavua viatu mlangoni kama mtu yeyote. Hekalu la Vitthala, lenye lile gari maarufu la mawe, ndilo lililoumia. Wapo wanahistoria wanaosema yaliyoharibiwa zaidi ni mahekalu yaliyofungamana na ukoo uliotawala wakati ule. Gari lenyewe si gari, ni hekalu dogo la Garuda. Katika picha aliyopiga Alexander Greenlaw mwaka 1856 lina mnara wa matofali juu yake. Leo mnara haupo. Kwa hiyo hata gofu tunalolisifia si lile lililoachwa mwaka 1565.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi, nalo ni mahali pa kulala. Kitabu changu cha mwongozo, nilichonunua kwa muuza vitabu vya mtumba, kinasifia vyumba vya bei nafuu katika soko la Hampi, mbele ya Virupaksha, ambako familia zilikuwa zikiishi na kuuza chai katikati ya nguzo za kale. Mwaka 2011 serikali ilivunja nyumba na maduka hayo ili kulinda urithi, watu wakahamishwa. Kitabu kinasifia pia nyumba za wageni ng'ambo ya mto, Virupapur Gaddi. Nazo zilivunjwa mwaka 2020, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi. Yaani orodha yangu ya malazi nayo ni magofu. Najua magofu yanahitaji kulindwa. Lakini mwenye kibanda cha chai pale sokoni alikuwa akifanya kile kile ambacho soko lile lilijengewa, na sijaona bado mtu aliyenieleza kwa nini nguzo zinakuwa salama zaidi zikiwa tupu.

Basi nitalala Hosapete, niamke alfajiri. Rafiki yangu ameagiza picha ya lile gari la mawe, kwa sababu analijua kutoka kwenye noti ya rupia 50. Nimemwambia atapata mbili, na ya kwanza itakuwa ya msikiti.