Kilomita 448 Kando ya Upare

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) kwa ndege, omba kiti cha dirisha la kulia. Kukiwa hakuna mawingu utauona mlima Shengena wenye mita 2,462, kisha pengo lenye mji wa Same, halafu Upare Kaskazini. Huko chini mabasi yanapita Segera, Korogwe, Mombo na Hedaru, zaidi ya km 550. Ndege inahesabiwa km 448 hivi.

Umbali wa huku ulianza kupimwa kwa mataruma ya reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911: km 352 za kuambaa na Usambara na Upare, ilhali kwa mstari mnyoofu ni kama km 270. Mstari mnyoofu walikuwa nao wanasiasa. Mkataba wa 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani uliuchora mpaka kutoka mlango wa mto Umba moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, bila kumwuliza Mpare wala Mtaveta.

Kisha wakaja marubani, na kipimo cha mabaharia: nyuzi moja ya duara kuu la dunia ni maili 60 za baharini, kila maili mita 1,852. Kwa kuwa tupo karibu na Ikweta, hata kanuni ya Pythagoras ya darasani inatosha kwa safari ya Dar hadi KIA. Jaribu hivyo kwa Amsterdam hadi KIA, karibu km 6,900, na utazidisha kwa zaidi ya km 100. Hapo ndipo inapohitajika trigonometria ya tufe, ambayo manahodha waliitumia kabla ndege haijabuniwa.

Lakini hesabu hiyo haijui mwinuko. Mstari wa Dar hadi Nairobi unapita Mkomazi, mashariki ya Same, kisha unaiacha Mawenzi, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,149, kwa km 20 hivi. Tarehe 18 Mei 1955, ndege aina ya Dakota ya East African Airways iliyokuwa ikisafiri kati ya miji hiyo iligonga Kilimanjaro. Watu 20 walikufa.

Tatizo jingine ni dogo, ila linasumbua wapima ardhi. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilitumia mfumo wa majiranukta wa Arc 1960. GPS inatumia WGS 84. Nukta ileile ya Same ikisomwa katika mifumo hii miwili hutofautiana kwa karibu mita 300. Katika km 448 hazionekani. Kwa rubani anayetafuta kiwanja cha vumbi Mkomazi, mita 300 ni vichakani.

Wala rubani hajazi mafuta ya km 448 tu. Anaongeza ya kufika kiwanja mbadala KIA ikifunikwa na mawingu, pamoja na ya kuzunguka angani akisubiri zamu yake ya kutua.