Mbebaji

Karatasi ya majibu kutoka maabara haina maneno mengi: AA, AS au SS. Mwenye SS ana selimundu, sikoseli kwa lugha ya mtaani. Mwenye AA hahusiki. Kazi ipo kwa AS, ambaye vitabu vya afya humwita mbebaji.

Mwambie jirani kwamba wewe ni mbebaji, atakuuliza umeanza kuumwa lini. Simlaumu. Neno hilo hilo hutumika kwa mtu mwenye vimelea vya homa ya matumbo, asiyeumwa ila anaweza kuwaambukiza wenzake. Mbebaji wa selimundu hamwambukizi mtu, wala ugonjwa haumvizii mbele ya safari. Alichobeba ni kinasaba, na hapa waundaji wa istilahi walipatia: nasaba ni ukoo, ikapachikwa ki- ya udogo. Kinasaba kinachoelekeza utengenezaji wa sehemu moja ya hemoglobini tunacho nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Kwa AS, nakala moja ina kasoro na nyingine ni nzima, na hiyo nzima inatosha. Kasoro zikiwa mbili, chembe nyekundu zikipungukiwa oksijeni hujikunja umbo la mundu na kuziba mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku kucha.

Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kasoro hii haikufutika kwenye maeneo ya mbu wengi, kama kandokando ya Ziwa Victoria.

"Kwetu hakuna ugonjwa huo," husema upande wa mume mtoto akigundulika, na lawama zote humwangukia mama. Wanasema kweli: wagonjwa hawapo, wabebaji wapo. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, na wa kwanza kuugua hakumpunguzii wa pili chochote. Baba mmoja akisimama kliniki akasema "hata mimi ni AS, nimepima", anafundisha kuliko bango. Naye, sikiliza, hajataja mbebaji. Wenye jambo lao hutaja herufi. Mimi ningeliacha mbebaji vitabuni, tena liandamane na "wa kinasaba" kila mara.

Ila ukikiita kipimo chenyewe "cha vinasaba", utazua hofu. Tanzania vinasaba ni DNA, na DNA ni kesi ya nani baba wa mtoto. Kwa kawaida selimundu hupimwa kwa kutenganisha aina za hemoglobini kwa umeme. Damu ya AS huonyesha mistari miwili, A na S. Hata hivyo hofu hiyo haikosi msingi. Mtoto akiwa SS na baba AA, maswali huanza pale pale mezani, ijapokuwa kasoro nyingine ya damu, thalasemia, inaweza kuleta picha hiyo hiyo. Mshauri anayeijua kazi yake huyasema haya kabla ya sindano.