Ustawi wa Wananchi katika Bajeti ya Uganda

Katika Kampala ya kikoloni, huduma za ustawi zilifuata mipaka ya utawala. Manispaa ilishughulikia maeneo kama Nakasero na Kololo, walikoishi Wazungu na Waasia. Kibuga, yaani mji wa Kabaka (mfalme wa Buganda) upande wa Mengo ambako Waafrika wengi waliishi, kilikuwa chini ya serikali ya Buganda na kilibaki nje ya mipaka ya Kampala hadi 1968. Hospitali ya Mulago ilianza 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, na jengo lake jipya lilifunguliwa 1962, mwaka wa uhuru. Baada ya hapo, utawala wa Idi Amin (1971–1979) na vita vilivyoendelea hadi 1986 viliacha hospitali, shule na mabomba ya maji katika hali mbaya.

Katiba ya 1995 ilirudisha suala la ustawi mbele. Katika malengo yake ya taifa, inaitaka dola ihakikishe wananchi wanapata elimu, huduma za afya, maji safi na salama, kazi, makao ya staha na chakula cha kutosha. Lakini lengo la katiba halilipi mwalimu wala halichimbi kisima. Mpango wa Kutokomeza Umaskini wa 1997 ndio uliolipatia lengo hilo nafasi katika matumizi ya serikali. Mwaka huohuo elimu ya msingi bila ada ilianza, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5.

Mnamo 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kunufaika na mpango wa kimataifa wa kuzipunguzia madeni nchi maskini. Nafuu hiyo iliingizwa katika mfuko maalumu wa kupambana na umaskini. Fedha zake zilielekezwa kwenye elimu ya msingi, afya ya msingi, maji vijijini, barabara za mashambani na ushauri kwa wakulima, na zililindwa zisikatwe mapato ya serikali yalipopungua katikati ya mwaka.

Kutenga fedha hakukutosha. Utafiti uliofuatilia ruzuku za shule za miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba, kwa wastani, shule zilipata asilimia 13 tu ya kilichotengwa kwa ajili yao. Kiasi kikubwa kiliishia wilayani. Wizara ya Fedha ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka iliyofuata, sehemu kubwa ya ruzuku ilianza kufika shuleni.

Kuanzia 1998 serikali iliwauliza maskini wenyewe maana ya umaskini, katika tathmini iliyofanywa kwenye wilaya tisa, Kampala ikiwemo. Pamoja na kipato kidogo, walitaja ukosefu wa maji na wa usalama. Fedha za maji ziliongezwa, na Mpango wa Kutokomeza Umaskini uliporekebishwa mwaka 2000, usalama na ubora wa maisha ya maskini vilihesabiwa kati ya malengo yake makuu. Mwaka 2001 ada katika vituo vya afya vya serikali ziliondolewa, ila wodi za kulipia hospitalini zilibaki. Kwa takwimu rasmi, Waganda walioishi chini ya mstari wa umaskini walipungua kutoka asilimia 56 mwaka 1992 hadi 31 mwaka 2005/06.

Mwaka 2010 nafasi ya Mpango wa Kutokomeza Umaskini ilichukuliwa na Mpango wa Maendeleo wa Taifa, na uzito ukahamia kwenye barabara, umeme na uzalishaji. Mpango wa tatu wa Maendeleo wa Taifa, wa 2020/21 hadi 2024/25, ulitaja kuongeza kipato cha kaya na kuboresha maisha ya Waganda kuwa lengo lake. Chini yake ulizinduliwa, Februari 2022, utaratibu wa maendeleo ya parishi (eneo dogo la utawala), unaotenga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa ajili ya mikopo nafuu ya kaya.