Unamkimbia Nani?

Asubuhi ya kwanza nilipotoka kukimbia Izimbya, mama mmoja aliyekuwa anaelekea shambani, jembe begani, alisimama akanipisha njia. Akatazama nyuma yangu, kisha akauliza: "Mwanangu, unamkimbia nani?"

Nilicheka. Nikamwambia ni mazoezi tu, mama. Akatazama tena barabara nilikotokea, kama mtu ambaye hajaridhika na jibu, ndipo akaendelea na safari yake.

Swali hilo niliulizwa mara nyingi katika wiki 16 zilizofuata, na siku hizi sicheki tena. Neno kukimbia lina mambo. Mtoto anakimbia dukani, hiyo ni sawa. Lakini sema "anamkimbia" na tayari kuna mtu nyuma yake. Na kwa watu wa Kagera wenye umri wa kukumbuka, neno hilo lina mwaka wake kabisa: 1978. Waulize "mlikimbia?" na hakuna atakayefikiria viatu wala medali.

Mimi nilizaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya vita. Mwanzoni mwa Novemba 2024 nilikuwa na miaka 34, kazi ya kukaa kwenye kiti Bukoba mjini, na sifa moja mbaya nyumbani: naanza mambo, simalizi. Shahada ya pili niliiacha katikati. Muswada wa kitabu umelala kwenye kompyuta tangu 2019. Basi nikajiandikisha marathoni ya Kilimanjaro, Moshi, Februari 2025. Kilomita 42 na mita 195. Nilitaka kumaliza kitu kimoja ambacho hakuna anayeweza kukimaliza kwa niaba yangu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilipompa habari, alisema neno moja tu: "Akhwari."

Lazima nieleze. Kwetu, John Stephen Akhwari alikuwa fimbo. Ukishindwa hesabu ukatupa daftari, unasimuliwa Akhwari. Ukichoka kuchuma kahawa kabla debe halijajaa, Akhwari. Hadithi ilikuwa ile ile: Mtanzania alikwenda Mexico, akaanguka, akaumia, wenzake wote wakamaliza, yeye akaja wa mwisho usiku akiwa amefungwa bandeji, kwa sababu nchi haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, ilimtuma azimalize. Halafu Mzee anakutazama mpaka unaliokota daftari.

Nilipoanza mazoezi nikaitafuta hadithi hiyo vizuri, kama mwandishi wa habari na si kama mtoto aliyekosa. Nikakuta Mzee alikuwa sahihi kwa mengi. Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki tarehe 20 Oktoba 1968 katika jiji la Mexico, lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi; sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria, kwenye mita 1,134, tungeanza kuhema tukiwa tumesimama. Katika msukumano wa wakimbiaji alianguka, goti likateguka, bega likaumia. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani saa nzima na zaidi baadaye, giza limeshaingia na watazamaji wachache wamebaki. Muda wake ni saa 3, dakika 25 na sekunde 27.

Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo Mzee hakuwahi kutusimulia.

La kwanza: Akhwari hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa mkimbiaji hodari hasa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Kasi hiyo hata leo ni ya watu wachache. Tumemkumbuka kwa kuchechemea, tukasahau miaka ya mazoezi iliyomwezesha mtu mwenye goti lililoteguka bado kumaliza.

La pili ndilo lililonikamata. Walioanza walikuwa 75. Akhwari alikuwa wa 57. Hesabu rahisi: watu 18 waliacha njiani. Na mmoja wa hao 18 ni Abebe Bikila. Ndiyo, yule yule Mwethiopia aliyeshinda Roma 1960 bila viatu, akashinda tena Tokyo 1964. Mexico alikwenda mguu ukiwa na jeraha, na baada ya kilomita 17 hivi akasimama, akatoka. Sijawahi kumsikia mtu akimwita Bikila mwoga.

Jumapili moja ya mwezi huo nilikuwa nyumbani Izimbya, nimekimbia kilomita 14 kwenye tope jekundu la vuli, miguu inatetemeka. Mama ameandaa ndizi na maharage, na juu kidogo senene, maana ulikuwa msimu wake. Nikamwambia Mzee habari za wale 18. Nilidhani atabisha. Mwalimu huyu hubisha hata taarifa ya hali ya hewa.

Hakubisha. Alinyamaza mpaka mama akaondoa sahani. Kisha akasema, "Bikila naye?"

"Naye, tata."

Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Mwaka 1978 alikuwa na miaka 16, anasoma, anaishi kwa baba yake mdogo upande wa kaskazini wa Mto Kagera. Mwaka huo ulikuwa umeanza kwa heri kwa wapenda michezo: mwezi Agosti, kule Edmonton, Kanada, Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola. Mzee anakumbuka kuisikia kwenye redio ya baba yake mdogo. Watoto wa pale kijijini walicheza "Shahanga" wiki nzima, kuzunguka kibanja mara ngapi sijui, wakianguka kwenye migomba kwa kicheko.

Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wa Mutukula. Eneo lote la kaskazini mwa mto likashikwa. Amin akatangaza kwamba ni sehemu ya Uganda. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa, na aliyekuwa hajavuka akawa hana daraja tena.

Mzee alivuka kabla. Alivuka kwa miguu, na godoro la sufi kichwani, katika kundi la watu, ng'ombe na baiskeli. Baba yake mdogo alikuwa amemwambia atangulie, yeye anafungua ng'ombe, anakuja. Upande wa pili Mzee alikaa chini ya mti akamsubiri mpaka jioni. Watu walipoanza tena kukimbia, naye alikimbia. Alilitupa godoro. Alitembea usiku, akafika Izimbya kwa mama yake.

Baba yake mdogo hakufika. Wala baada ya Kampala kuanguka, Aprili 1979, watu waliporudi kaskazini, hakukuwa na mtu aliyeweza kusema alimwona wapi mara ya mwisho.

"Sikugeuka," Mzee alisema. "Miaka yote hii nawasimulia habari za mtu aliyemaliza."

Sikuwa na la kusema. Ningeweza kumwambia kwamba alikuwa na miaka 16, kwamba angegeuka angekufa naye. Nadhani hayo alishajiambia mwenyewe mara nyingi na hayakumsaidia. Nilikwenda kuosha viatu.

Mazoezi yaliendelea. Kanuni ya marathoni ni ya mkulima zaidi kuliko ya shujaa: unaongeza kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na baada ya wiki kadhaa unapunguza ili mwili upone. Kilomita 18, 21, 16, 24, 28. Alfajiri ukungu umelala juu ya rweya, huoni mita hamsini mbele. Watoto walinifuata wakiwa na ndala, wakaniacha kwenye mlima, wakanisubiri juu wakicheka. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo pembeni yangu: "Braza, panda tu, hela utanipa siku nyingine." Jumapili nilikosa misa mara tatu, na wazee wa jumuiya walimuuliza mama kama nina tatizo. Kucha mbili za mguu wa kulia zikawa nyeusi, moja ikang'oka.

Na Mzee akaanza kutoka. Jumamosi ninapokimbia, alitembea na fimbo yake mpaka njia panda, akakaa kwenye jiwe na chupa ya maji ya kwangu. Hakuniambia Akhwari tena. Alinipa maji, akatazama saa, akasema, "Haya."

Moshi, Februari. Sitawachosha na kilomita 20 za mwanzo. Zilikuwa tamu, na utamu huo ni mtego. Baadaye njia inapanda kuelekea Mweka, na inapanda kwa muda mrefu. Wanaojua wanasema mwili huhifadhi sukari kwenye misuli na ini inayowatosha wengi kwa kilomita 30 hivi, kisha kuna ukuta. Mimi ukuta wangu ulikuwa kwenye kilomita ya 29. Mapaja yakawa ya mtu mwingine. Goti la kushoto likaanza kuchoma.

Kando ya barabara kijana mmoja alikuwa amekaa, amevua viatu, mhudumu wa huduma ya kwanza ameinama mbele yake. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba radhi. Zamani ningempita na Akhwari wangu kichwani, nikijiona bora. Siku hiyo nilisimama. Nikamwambia, "Hata Bikila aliacha, ndugu yangu." Sijui kama alinielewa. Alitikisa kichwa, nikaondoka.

Niliobaki nao ni mguu na hesabu: goti linachoma, halijateguka. Ningekuwa na la Akhwari, nadhani ningekaa pale pale na yule kijana, na nisingeona aibu. Nilitembea mpaka juu, nikashuka nikikimbia mwendo wa kuku. Niliingia uwanja wa Ushirika kwa saa 5 na dakika 11. Nikalia kidogo, kama wengi.

Nikampigia Mzee.

"Shikamoo tata. Nimemaliza."

"Marahaba. Umeumia?"

Maisha yangu yote sikuwahi kusikia swali hilo likija la kwanza.

Septemba hiyo hiyo, usiku wa kuamkia tarehe 15, tulikesha Izimbya na simu yangu, tukitazama mashindano ya dunia ya Tokyo. Karibu saa kumi usiku kwa saa zetu, Alphonce Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani waliingia uwanjani wakifuatana. Walivuka mstari kwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Sehemu tatu za mia za sekunde ndizo zilizompa Simbu dhahabu, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo. Mzee alipiga makofi mpaka majirani wakaamka. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anataka nimpeleke Kyaka.

Amepita daraja lile kwa basi mara nyingi. Kwa miguu, hajawahi tangu 1978. Tulishuka upande wa kusini, tukalivuka kwenda kaskazini polepole, yeye na fimbo yake, malori ya Mutukula yakitikisa hewa pembeni yetu. Katikati alisimama akatazama maji. Nilimuuliza kama turudi.

"Tumalize," alisema. "Ng'ombe walikuwa kule."