Mtoto wa Shaba Aliyemtaja Fundi Wake

Mwezi wa Novemba 1928 gari la mizigo lilisimama mbele ya Taasisi ya Franklin, mjini Philadelphia, Marekani, likashusha vipande vya shaba vilivyoharibika. Vilitoka katika mirathi ya John Penn Brock, tajiri wa mji huo. Yaliyojulikana yalikuwa machache: kwamba huo ulikuwa mtambo wenye umbo la mtoto, kwamba zamani uliandika na kuchora, na kwamba uliwahi kuungua. Jamaa za Brock waliamini kuwa aliyeuunda alikuwa Maelzel.

Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Johann Maelzel alizunguka Marekani tangu 1826 akionyesha sanamu za mitambo, na mashuhuri kuliko zote alikuwa “Mturuki” mcheza sataranji, kazi ya Wolfgang von Kempelen, aliyeonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1770 mbele ya Malkia Maria Theresa huko Vienna. Mturuki aliwashinda wengi, lakini ndani ya kabati lake alijificha binadamu, bingwa wa mchezo huo. Ustadi ulikuwa wa mtu, sifa zikapewa mbao. Naye aliteketea kwa moto Philadelphia humo humo, mwaka 1854.

Mtoto wa shaba hakuficha mtu. Charles Roberts, fundi wa Taasisi, aliviunganisha vipande hivyo kimoja kimoja hata mtambo ukaenda tena. Kumbukumbu yake yote imo katika visahani vya shaba ambavyo kingo zake zimechongwa mabonde na vilima. Kamani inapovizungusha, vidole vitatu vya chuma hupapasa kingo hizo: kimoja huupeleka mkono kushoto na kulia, kingine mbele na nyuma, cha tatu huuinua na kuushusha. Basi kila mkunjo wa herufi ulibidi kwanza uvunjwe katika miendo mitatu, kisha uchongwe katika shaba, na kosa la unywele lingeonekana karatasini. Humo mmehifadhiwa michoro minne, mmojawapo wa merikebu, na mashairi matatu, mawili ya Kifaransa na moja la Kiingereza. Mashairi yenyewe, kusema kweli, ni mepesi. Yalikusudiwa kuufurahisha ukumbi, basi.

Lililo zito li pembeni. Mtoto alipomaliza shairi la mwisho, mkono wake uliendelea, ukaandika kwa Kifaransa ukingoni mwake kwamba hayo yameandikwa na mtambo wa Maillardet. Henri Maillardet alikuwa fundi Mswisi aliyefanya kazi London, na mtoto huyo alimuunda yapata mwaka 1800. Warithi walikwisha kumsahau, shaba haikusahau. Malenga wa Kiswahili, aghalabu, hutia jina lao katika beti za tamati ili shairi lisiporwe likisafiri. Maillardet alifanya lilo hilo kwa tupa. Programu za leo zitungazo mashairi zimelishwa tungo za watu wasiohesabika, na hapana ukingo unaowataja.

Tangu hapo mtoto huyo ameitwa kwa jina la fundi wake. Mwaka 2007 Andrew Baron alimkarabati tena, na mwaka huo huo Brian Selznick alichapisha riwaya yake, The Invention of Hugo Cabret, iliyochochewa na mtambo huo.