Siri ya Chipu Moja
Mwaka 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani iliyoanzia pauni 125. Picha, sauti na kibodi vilisimamiwa na chipu moja, ULA, kazi ya Ferranti. Mwaka 1986 Sinclair iliuza biashara hiyo kwa Amstrad. Leo ULA ikiungua, kupata nyingine si rahisi.

Mafundi waliichunguza, wakabuni bodi iitwayo Harlequin, inayofanya kazi hiyo kwa chipu nyingi za kawaida. Nami nimeichomea yangu kwa risasi, mguu baada ya mguu. Mguu mmoja niliousahau ulininyima picha usiku kucha.

Ndugu msomaji, kampuni huondoka na siri zake. Je, mitambo tunayonunua leo, nani ataifungua kesho?